Majimbi Yaliyopoteza Majina: shajara ya bustani yetu ya Kona

Machi 9

Leo nimepewa kazi ya vibao. Tulikaa chini ya mti wa kukui watu kumi na mmoja, birika la chai ya majani ya māmaki katikati, na hoja moja tu: bustani imetimiza mwaka na bado mgeni akiingia haoni ila majani. Ikaulizwa nani ana mwandiko mzuri. Nikanyoosha mkono kabla sijapima. Basi vibao 40 vya mbao, kila kimoja kiwe na jina la Kihawaii, jina la kisayansi na matumizi ya mmea, na vyote viwe vimesimama kabla Novemba haijaisha.

Kwa anayeanza kusoma hapa: bustani yetu ni ekari moja na ushei, kwenye mteremko ulio juu ya ghuba ya Kealakekua, upande wa Kona wa kisiwa cha Hawaiʻi. Zamani lilikuwa shamba la kahawa, likaachwa, mwitu ukalimeza. Mwenye ardhi ni mama mmoja mzee asiyetaka jina lake liandikwe popote, kwa hiyo humu nitamwita Kupuna, ndivyo wanavyoitwa mababu na mabibi hapa. Mtu mzima mwingine yeyote ni shangazi au mjomba, hata kama hamna tone la damu kati yenu. Mimi niliyekulia Pemba sikuona ugeni wowote katika hilo. Mara mbili kwa mwezi tunafungua lango, watu waje wajifunze mimea ya wenyeji, inayoliwa, inayotibu, inayosukwa na inayochongwa.

Machi 23

Tumefyeka upande wa juu na mgongo umetokeza. Wenyewe wanauita kuaiwi: kua ni mgongo, iwi ni mfupa. Ni tuta refu la mawe, kimo cha goti, linaloshuka moja kwa moja kutoka mlimani kuelekea baharini. Wahawaii wa kale walipokuwa wakisafisha ardhi hii ya volkano hawakuyatupa mawe, waliyapanga kwa mistari, na juu yake na kandoni wakapanda miwa na kī. Katikati ya mgongo na mgongo ndipo palipolimwa.

Hakukuwa na mifereji. Kila zao lilipewa kimo chake. Chini karibu na pwani ni viazi vitamu na vibuyu. Juu kidogo ukanda wa mishelisheli, unaoitwa kaluʻulu. Juu zaidi majimbi na viazi tena, ukanda wa ʻāpaʻa. Kisha migomba, inayoingia mpaka kwenye msitu. Mvua yenyewe hapa ina tabia zake. Sehemu nyingi za visiwa hivi hupata mvua zaidi miezi ya baridi, lakini miteremko ya Kona imekingwa na milima isipate pepo za kaskazini-mashariki, inangoja upepo wa bahari upande mchana ukiwa na unyevu. Ndiyo maana mvua yetu ni ya Mei mpaka Septemba, na huja alasiri, mtu akishaanika nguo.

Hiyo kī ina majani mapana yanayong'aa, na watu huipanda pembeni mwa nyumba iwe kinga. Nilipoiona mara ya kwanza nilikumbuka masale ya Wachaga, yanayopandwa mipakani na kupelekwa kwa mtu unayemwomba radhi. Si mmea mmoja, lakini ni wa ukoo mmoja, na kazi zao zimekaribiana hivyo, bahari mbili mbali.

Aprili 6

Siku ya kwanza ya wazi mwaka huu. Wageni 31. Niandike ukweli: haikufana.

Langoni tunaweka brashi na chupa ya spiriti ya asilimia 70. Kila anayeingia anasugua udongo kwenye viatu, anapuliza soli, ndipo anapita. Sababu ni maradhi ya kuvu yanayoua miti ya ʻōhiʻa, yaliyotambuliwa mwaka 2014 katika kisiwa hiki hiki, na udongo wa kiatu ni moja ya njia zake. ʻŌhiʻa ndio mti mkuu wa misitu ya hapa, wenye maua mekundu kama vishada vya nyuzi. Mti mkubwa ukishika ugonjwa, majani hukauka yote kwa siku chache hadi wiki kadhaa.

Baada ya lango nilisimama kwenye vibao vyangu vitatu vya majaribio nikaanza kusoma. Nilisoma vizuri, sauti ilitoka. Watoto wakawa wanahesabu mijusi. Baba mmoja alitazama saa mara nne. Kwenye kibao cha tatu mtoto wa kike akauliza swali pekee la siku: "Inaliwa?" Nikamwambia itakuja mbele, kwenye kibao cha tisa.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza yule baba amebeba nini. Akafikiri, akasema: kusugua viatu. Anakwenda kuweka brashi kama ile kwake.

Aprili 27

Leo hatukusoma kitu. Tulipanda.

Kupuna alileta huli, yaani ile sehemu ya juu ya jimbi: unakata kiazi ukale, unabakiza kipande chembamba pamoja na shina lake la urefu wa mkono mpaka kiwiko, na hicho ndicho mbegu. Nikasema hata kwetu ndivyo tunavyofanya. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kwetu pia jua huchomoza asubuhi. Akanipa mtaimbo. Wa kale walichimbia muo wa mti mgumu wakiuita ʻōʻō, na jina limehamia kwenye chuma.

Neno lao ni kalo. Ni lile lile taro la visiwa vingine vya Pasifiki. Kihawaii kimegeuza t kuwa k, kama tapa, nguo ya gome, ilivyogeuka kapa. Wakati tunachimba alieleza habari ya Hāloa. Mtoto wa kwanza alizaliwa mfu, akazikwa kando ya nyumba, pakaota kalo. Mtoto wa pili akapewa jina hilo hilo, naye ndiye babu wa watu. Kwa hiyo kalo ni kaka mkubwa. Yeye anakulisha, wewe unamtunza, na mbele ya bakuli lake hapagombwi. Machipukizi yanayoota ubavuni mwa kalo huitwa ʻohā, na humo ndimo lilimotoka neno ʻohana, jamaa. Yule mtoto wa "inaliwa" alikuwepo. Alipanda mashimo sita, na kila huli aliiambia kitu kwa sauti ya chini kabla ya kuifukia. Sikumuuliza anasema nini.

Nimepunguza maneno ya vibao. Matumizi nimeyafuta kwenye vyote.

Mei 11

Mvua tangu saa nane. Tumefunga mapema. Kibao kimoja.

Juni 1

Mafunzo ya lauhala, majani ya hala. Hala ni mkadi. Nilipofika visiwa hivi nilisimama chini ya mti huu nikitafuta ile harufu ya kadi, ya harusini, inayochanganywa na asumini na kuwekwa baina ya nguo kabatini. Huku wanachofuata zaidi ni majani: wanayakusanya yaliyokauka, wanatoa miiba ya kingo mbili na ule wa mgongoni, wanayafuta, wanayazungusha kama utepe, kisha wanayapasua kwa upana mmoja. Kazi kubwa ni hiyo ya kutayarisha. Kusuka kunachukua mchana mmoja, kutayarisha kunakula wiki.

Hapo nikajikuta mwalimu bila kupanga. Wenyeji wanasuka mkeka mzima kwa mara moja, ukikua pande zote. Sisi tunasuka ukili kwanza, ule utepe mrefu wa ukindu, halafu tunauzungusha na kuushona mpaka uwe mkeka. Walinipa majani nikasuka pima moja ya ukili wa njia tano, vidole vikikumbuka polepole. Mama mmoja msukaji, mtu wa miaka mingi, aliushika, akaugeuza, akavuta kingo. Kisha akauliza kwa nini tunajiongezea kazi ya kushona. Nilimwambia ukili unasukwa huku unatembea, unazungumza, unangoja wali uive, unauviringisha unaubeba. Mkeka wake hauwezi kuondoka chini. Akacheka, akasema kofia je? Na kweli kofia zao husukwa popote.

Saa tatu zilipita na hakuna aliyeangalia simu. Kibao cha hala nimeandika jina tu.

Juni 29

Siku ya chungu. Huyu si yule wa sukari: ni chungu mdogo wa moto, urefu wa milimita moja na nusu, asili yake Amerika ya joto, aliyegunduliwa Hawaiʻi mwaka 1999. Haendi mbio, haonekani, anaishi hata juu ya miti, na ukitikisa tawi anakudondokea shingoni. Akikuuma unavimba na kuwasha kwa siku kadhaa. Paka na mbwa wa mashamba yaliyovamiwa macho huingia ukungu.

Kupima ni rahisi mpaka watoto wanabishania zamu. Unapaka siagi ya karanga, kidogo tu, kwenye ncha ya kijiti cha kulia wali. Unachomeka vijiti kwenye vivuli, kwenye mashina, kwenye vyungu vya miche. Unangoja karibu saa nzima. Kisha kila kijiti unakitia kwenye mfuko wake wa plastiki, unaandika kimetoka wapi, na yote unaigandisha kwenye friji kabla ya kuipeleka kwa wataalamu. Tuliweka vijiti 60. Majibu yamekuja: 58 safi au chungu wa kawaida, 2 wabaya, vyote kwenye uzio wa chini panapowekwa miche ya kupewa. Upande huo umefungwa kwa watu mpaka chambo cha sumu kirudiwe mara kadhaa. Miche ya kupewa haiingii tena siku hiyo hiyo, inakaa karantini nje ya lango.

Nimeona kitu kimoja. Watoto waliopima chungu sasa wanajua mahali pa kila mti bustanini, kwa sababu iliwabidi waandike kijiti kimetoka wapi. "Kukui wa pili, upande wa mlima." Hawakusoma kibao. Kukui wa pili hana kibao.

Julai 20

Kosa langu, na liandikwe kwa herufi kubwa kama lingewezekana.

Oktoba iliyopita tulipanda tuta la aina 14 za kalo. Tulichelewa, ilibidi tuyamwagilie kwa ndoo kiangazi chote cha Kona, lakini yalishika. Aina hizi si mchezo. Wahawaii walikuwa na majina ya kalo kwa mamia. Zilizobaki hazifiki 100, nyingine zinapatikana kwa watu wachache tu. Mimi ndiye niliyeandika vitambulisho, kwenye vipande vya plastiki, kwa kalamu niliyoambiwa haifutwi na mvua. Mvua kweli haikuifuta. Jua limeifuta. Leo nimeinama na kitambaa mkononi kusafisha tope nikakuta vipande 14 vyeupe kama meno. Ramani ya tuta niliichora nyuma ya bahasha, na bahasha hiyo sina.

Nilikwenda kwa Kupuna nikiwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, nikayasema yote. Alikuwa anachambua maharage. Aliposikia nimemaliza akasema: "Sasa utaanza kuyatazama."

Agosti 10

Tumeenda bustani ya Amy B. H. Greenwell, kando ya barabara kuu, katika mji unaoitwa Captain Cook kwa jina la yule baharia aliyeuawa ghubani Kealakekua Februari 14, 1779. Tumeingia kama wageni wengine. Kila anayelima mimea ya wenyeji upande huu anaanzia pale.

Amy Greenwell alitoka ukoo wa wafugaji na wafanyabiashara wa kahawa, mwenyewe akapenda mimea na mambo ya kale. Alipofariki mwaka 1974 aliliachia Jumba la Makumbusho la Bishop, la Honolulu, ardhi yake ya ekari 15 hivi, na ndani yake kuna kuaiwi za kale zilizo mahali pake. Ikawa bustani, ikafungwa mwaka 2016, na baadaye marafiki wa bustani wakachangisha wakainunua. Mimea imepangwa kwa kimo: unaanza na ya pwani, unapanda mpaka ya msituni, kama vile umepita Kona nzima kwa miguu katika nusu saa. Ipo ya aina mbili kwa asili. Ya kwanza ni iliyofika visiwani kwa upepo, mawimbi au ndege. Imekaa peke yake miaka mingi mno, mpaka karibu mimea 9 kati ya 10 ya maua iliyo ya asili hapa haipatikani pengine popote duniani. Māmaki ni mfano: ni wa ukoo wa mimea inayowasha lakini wenyewe hauwashi, na kipepeo mwekundu mwenye jina la mfalme Kamehameha hutaga mayai juu yake. Ya pili ni ile ya mitumbwi, iliyoletwa na watu kwa makusudi: kalo, ndizi, muwa, nazi, shelisheli, kiazi kikuu, manjano.

Mimi safari hii nilikuwa na jambo langu. Nilisimama kwenye tuta lao la kalo na daftari, sikutazama vibao mpaka mwisho. Nilichora. Kupuna alikuwa amenifundisha pa kutazama: rangi ya shina, na kama ina michirizi, kingo ya jani, na piko, yaani kitovu, pale shina linapogusa jani kwa upande wa juu. Kuna piko ya kijani, ya zambarau, ya rangi ya maziwa. Ukishaijua piko huoni tena majani, unaona nyuso.

Niliporudi nilitambua 5 kati ya 14. Kupuna akaongeza 4 bila kuinama.

Agosti 31

Mashelisheli yameiva, ʻulu kama wanavyoyaita. Tumechoma kwenye makaa mpaka ganda likawa jeusi lote, tukapasua, mvuke ukatoka na ile harufu ya mkate. Nikaomba nazi, nikakuna, nikapika sufuria moja kwa tui na chumvi kama futari ya nyumbani. Sufuria ikarudi tupu. Mzee mmoja aliuliza jina letu, nikamwambia shelisheli, kwa sababu sisi tuliyapata kwa njia ya visiwa vya Shelisheli na jina likashikamana na tunda. Akalirudia mara mbili na kulifurahia. Kwao ni mungu Kū mwenyewe, aliyeona mke na watoto wana njaa akazama ardhini, pakaota mti.

Jambo lililonigusa ni hili: ʻulu ya Kihawaii haina mbegu. Nazi inaweza kuelea. Hili haliwezi. Kila mti wa aina hiyo umetokana na chipukizi la mzizi lililobebwa na mtu, likafunikwa lisipigwe na chumvi, likapewa maji ya kunywa ya chomboni.

Septemba 21

Wauke, mti wa gome la kapa. Mashina yaliyonyooka, kila chipukizi la ubavuni limevunjwa tangu dogo ili gome lisiwe na matundu. Tumekata, tumechuna gome, tumekwangua tabaka la nje, tumeloweka, tumeponda kwa rungu la duara kisha kwa kipigio chenye pande nne kilichochongwa mistari. Hiyo ndiyo kapa. Ilikuwa imekufa kabisa kufikia mwisho wa karne ya 19. Waliofufua ufundi huu miaka ya 1970 ilibidi wajifunze upya kwa kutazama vipande vya makumbusho na kukosea.

Niliwaonyesha picha za mbugu za Buganda, zinazopondwa kwa gome la mutuba, ambazo UNESCO inazitambua. Mti mwingine, rungu linalofanana mpaka mikwaruzo. Walitaka kujua kama sauti ya kupondea ni ile ile. Tukaitafuta video. Tukanyamaza wote kusikiliza. Ni ile ile.

Oktoba 5

Vidukari vya mizizi. Kwenye tuta la Aprili, si lile la aina 14, alhamdulillahi. Majani yalikuwa yanalegea mchana hata baada ya mvua. Tuling'oa moja tukakuta mizizi imefunikwa kama pamba. Kalo ya kwenye maji haipati taabu hii, ya nchi kavu kama yetu ndiyo yenye tabu. Tumeng'oa mistari mitatu. Mtoto wa mashimo sita alikuja mwenyewe kung'oa yake, hakulia, lakini alitaka kujua kama Hāloa anaumwa. Kupuna akamjibu ndiyo, na mgonjwa huoshwa. Wakaosha pamoja zile huli tatu zilizoonekana salama, wakakata mizizi yote, wakaziweka karantini.

Majina: 12 kati ya 14.

Oktoba 26

Siku ya mtumbwi. Mgeni wetu alikuwa mchonga vyombo, akaeleza waʻa: ganda la mti wa koa, gogo moja; mkono wa pembeni, wenyewe wanauita ama, wa mti mwepesi wa wiliwili; na miti miwili iliyopinda ya hau inayoviunganisha. Ameufunga kwa kamba tu, hakuna msumari. Nikachora ngalawa mchangani, gogo la mwembe na matengo kila upande. Akauliza nani alitufundisha matengo. Swali zuri. Wengi wanaona kwamba yalikuja na mabaharia wa Kiaustronesia, watu wa ukoo wa lugha ambao Kimalagasi na Kihawaii vyote ni wajukuu wake, mmoja mwisho wa magharibi, mwingine karibu na mwisho wa mashariki. Minazi nayo inashuhudia: utafiti wa vinasaba wa mwaka 2011 ulionyesha koo mbili kubwa za minazi, ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi, na Madagaska pamoja na pwani yetu ni mahali zilipochanganyikia damu.

Kwa hiyo mnazi wa uani kwa bibi yangu, Wete, huenda una nasaba na hawa wa huku. Mchonga vyombo alifuta matengo ya upande mmoja kwa kidole cha mguu, akasema hapo sasa ni waʻa. Nikayarudisha. Mchezo huo uliendelea kidogo.

Novemba 17

Jioni tulibaki sita. Jua lilipozama tukageukia mlimani, na baada ya giza kuingia vizuri Makaliʻi akachomoza: maka, macho, liʻi, madogo. Ndicho Kilimia chetu, lile kundi la nyota. Kuchomoza kwake wakati wa magharibi ndiko kulikofungua Makahiki, msimu wa miezi minne wa mungu Lono, vita vikikatazwa na michezo ikichezwa. Niliwapa methali ya wakulima wetu, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na ilichukua muda kuifasiri kwa sababu kila mtu alitaka kuitumia kwa Kona, na kwa Kona haikai sawa.

Hali ya vibao: 12 vimesimama, jina la Kihawaii peke yake. Mbao zilizobaki zimekuwa mabenchi mawili. Nimetoa taarifa kwenye kikao, nikitegemea kuulizwa. Aliuliza mtu mmoja tu, kama mabenchi yatakuwa tayari Jumamosi.

Novemba 23

Kuvuna na kutwanga. Wageni 44, zaidi ya nusu wamewahi kuja.

Tumeng'oa tuta la aina 14, miezi kumi na mitatu tangu kupanda. Mbili ndizo zilizokuwa bado hazina jina, tukaziacha za mwisho. Ya kwanza kiazi chake kilikuwa na matawi, na kisu kilipopita ndani ikawa njano kama shelisheli bivu. Watu watatu wakasema kwa pamoja: Mana ʻulu. Mmoja wao alikuwa yule mtoto.

Ya pili ndani nyeupe, nyuzi za zambarau kidogo. Kupuna aliigeuza mara nyingi. Akasema si Lehua maoli, na si ʻUahiapele. Akanyamaza.

Tukachemsha yote saa nyingi, maana kalo isiyoiva inakereketa koo kama jimbi bichi la kwetu. Kisha mabenchi, sinia nzito za mbao, na michi ya mawe. Unaloweka mkono, unageuza donge, unaponda, unageuza. Lile donge zito lisiloongezwa maji ni paʻiʻai. Ukilizimua kwa maji ndiyo poi, inayopimwa kwa vidole, ya kidole kimoja ikiwa nzito, ya vitatu ikiwa nyepesi. Hii ya kutwangwa kwa mkono juu ya mbao ilibidi itungiwe sheria mwaka 2011 ndipo iruhusiwe kuuzwa, kwa sababu kanuni za usafi wa vyakula hazikuwa na nafasi ya jiwe na ubao. Leo hatukuuza. Yule baba wa brashi alitwanga saa nzima, shati limelowa, akamwonyesha mwanawe jinsi ya kukunja donge. Alivyokuwa akimwambia ndivyo alivyoambiwa yeye nusu saa kabla, neno kwa neno.

Wakati wa kula mama mmoja na dada yake walianza kubishana habari ya gari. Kupuna aliweka bakuli la poi katikati, wazi. Wakaacha.

Novemba 24

Huli 71 zimerudi ardhini, mizizi imekatwa, zimeoshwa na kukaguliwa moja moja. Kupuna alikuwa amehesabu usiku wa mwezi. Zile siku za ʻOle, yaani za bila kitu, zimepita. Vitambulisho vipya ni vya bati, nimegonga herufi kwa msumari. Ramani ziko tatu, moja kwake, moja kwangu, moja kwa mtoto.

Ile isiyo na jina nimeipanda mwisho wa mstari, huli nne. Bati lake halina kitu. Mtoto amependekeza tuchore piko yake tu, na ameichora: duara la zambarau na mstari mmoja mweupe unaotoka nje.